Niende-Nisiende: Mhadhara Kuhusu Asili na Tafsiri ya Neno la Kiingereza "Shilly-shally"

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, nanyi ndugu wakalimani na wafasiri,

Walionisikiliza miaka iliyopita wanajua ninakoelekea, na nitayarudia yale yale bila kuona haya, kwa kuwa kosa lenyewe nalo linarudiwa kila siku. Mpe mfasiri wetu neno la Kiingereza "hesitate", atakuandikia "kusitasita". Mpe "waver", ni kusitasita. Mpe "vacillate", mpe "dither", mpe "shilly-shally", jibu ni hilo hilo, na kalamu inaendelea mbele kana kwamba hakuna kilichopotea njiani. Muda niliopewa hautoshi kuyatetea maneno yote hayo. Nimechagua moja, lile la mwisho, kwa sababu ndilo lililonikosesha heshima mbele za watu nilipokuwa kijana, na kwa sababu nina hakika kwamba Kiswahili kina neno lake kamili, tunalolitamka majumbani kila siku, ila hatujalipa ruhusa ya kuingia katika kamusi.

Miaka mingi iliyopita niliajiriwa kwa siku tatu kuwakalimania wageni wa mradi wa maji katika kijiji kimoja cha pwani, kusini ya Pangani. Wageni walitaka kuchimba kisima kirefu karibu na msikiti. Wazee wa kijiji walikwisha kukaa vikao viwili bila kutoa jibu, na kikao cha tatu nacho kilikuwa kinaelekea adhuhuri hali maneno yanazunguka pale pale. Mhandisi wa mradi, mtu mwenye adabu lakini aliyechoka, alinigeukia akasema kwa Kiingereza kwamba niwaombe wazee waache "shilly-shallying", kwani mashine ya kuchimbia ilikuwa imekodiwa kwa siku na kila siku ilikuwa na gharama yake. Nikafanya kama nilivyofundishwa darasani. Nikawageukia wazee nikasema: "Mgeni anaomba muache kusitasita."

Baraza likanyamaza. Mzee mmoja, aliyekuwa nahodha wa jahazi katika ujana wake, aliiweka bakora yake chini, akanitazama, akaniambia taratibu: "Mwanangu, anayesita ni mwenye hofu, au mwenye jambo analolificha. Sisi hatukiogopi kisima, wala hatuna tunachoficha. Sisi tuko kwenye tuchimbe-tusichimbe. Visima viwili vya kwanza vimetoa maji ya chumvi, na hakuna hata mmoja aliyetuambia hiki cha tatu kikitoa chumvi deni lake litakuwa la nani. Mwambie hivyo." Na bibi mmoja aliyekaa upande wa akina mama akaongeza, bila kuninyanyulia macho, kwamba mtu anayeuliza hasiti, anangoja kujibiwa.

Naomba mlitafakari jibu la yule mzee kama nilivyolitafakari mimi, maana ndani yake mna somo zima la leo. Yeye hakuwa amesoma Kiingereza. Hakulijua neno alilolitumia mhandisi, wala hakujua kwamba mimi nilikuwa nimelitafsiri vibaya. Lakini alipotaka kueleza hali ya baraza lake kwa usahihi, alilikataa neno nililomletea, akatoa la kwake, na hilo la kwake, kwa sababu nitakazozieleza, ndilo tafsiri ya neno la mhandisi iliyo karibu kuliko zote ninazozijua.

Tuanze na kosa langu. Kitenzi "kusita" ni kitenzi cha miguu. Mtu yuko njiani, amekwisha kuanza kwenda, kisha anasimama. Ukikiradidi kitenzi hicho, kama tunavyoradidi "kulia" tukapata "kulialia" na "kucheka" tukapata "kuchekacheka", unapata tendo linalojirudia kidogo kidogo: mtu anapiga hatua, anasimama, anapiga nyingine, anasimama tena. Ni picha nzuri na ya kweli, na mahali pake haina mbadala. Lakini ni picha ya mtu ambaye njia yake inajulikana na ambaye kinachomzuia kimo moyoni mwake, nacho mara nyingi ni woga. Ndiyo maana yule nahodha alikasirika. Nilimwambia, pasipo kukusudia, kwamba yeye na wenzake ni waoga.

Sasa tulitazame la Kiingereza. Neno "shilly-shally" halina miguu. Lilizaliwa mdomoni, nalo lilizaliwa likiwa swali. Waingereza wa karne ya 17 walikuwa na namna ya kuuliza, "Shall I?", ambayo kwa lugha yetu ni "Niende?", "Nifanye?", "Nitoe?", na mtu aliyekuwa anajiuliza bila kufika mwisho akasemwa kwamba amesimama "shall I, shall I". Kisha masikio ya Kiingereza, ambayo hupenda kurudia neno kwa kubadili irabu, yakalichezea: "shill I, shall I". Ushahidi unaotajwa sana ni wa mwaka 1700, katika tamthilia ya William Congreve iitwayo The Way of the World. Humo yumo bwana mmoja wa shamba kutoka Shropshire, Sir Wilfull Witwoud, mtu aliyekwisha kupita miaka arobaini, ambaye amekuja London akiwa njiani kwenda kuzitembelea nchi za ng'ambo. Anapoulizwa kuhusu safari hiyo anajibu kwamba huenda akasafiri na huenda asisafiri. Kwamba yeye ni mwangalifu katika kutoa azimio kwa sababu akilitoa hulitimiza. Na kwamba hasimami "shill I, shall I": akisema, ametenda.

Tazameni jambo hilo kwa makini. Neno linaingia katika ushahidi wetu likiwa kinywani mwa mtu anayelikanusha. Anasema kwamba yeye si mtu wa hivyo. Ina maana kwamba watazamaji wa 1700 walikwisha kulijua, na walijua kwamba ni aibu kuwa nalo. Kufikia 1703 linapatikana limeshikana kabisa kuwa "shilly-shally", na hapo limepatwa na jambo ambalo mimi hunisikitisha kila ninapolisoma. Lile "I", yaani "mimi", yaani kiambishi chetu "ni-", limeyeyuka likawa irabu tu ya mwisho. Mwulizaji ametoweka. Swali limebaki bila mtu, na kwa kuwa halina mtu, sasa laweza kubandikwa kwa yeyote: kwa waziri, kwa kamati, kwa wazee wa kijiji wenye swali la haki kuhusu maji ya chumvi.

Samuel Johnson alipoitoa kamusi yake kubwa London mwaka 1755 alilipa neno hili kidahizo chake, yaani mahali pake lenyewe pa kuelezwa, na bado aliliandika katika sura ya zamani, zile "I" mbili zikiwa zinaonekana. Alilieleza kuwa ni uradidi ulioharibika wa "shall I?", kisha akaongeza maneno ambayo ningependa kila mtunga kamusi wetu ayaandike ukutani kwake: kwamba ni swali la mtu anayesita. Johnson hakusema kwamba neno hilo ni kusita. Alisema kwamba ni swali la anayesita. Kati ya kusita na swali la anayesita pana umbali, na mimi nilianguka katika umbali huo mbele ya baraza zima.

Twende mbali kidogo zaidi, kwa sababu "shall" yenyewe ina historia ya kupendeza. Katika Kiingereza cha kale, "sceal" ilikuwa na maana ya "ninadaiwa", na kutoka hapo ikawa "imenipasa". Jamaa zake wanalithibitisha hilo. Kijerumani kina "Schuld", neno moja lenye maana ya deni na hatia. Na katika Kigothi, lugha ya kale ya ukoo wa Kijerumani ambayo Biblia ilitafsiriwa kwayo katika karne ya 4, kitenzi cha ukoo huo huo ndicho kinachotumika katika Injili ya Luka pale wakili anapowauliza wadeni wa bwana wake wanadaiwa kiasi gani. Kwa hiyo chini kabisa ya "shall I?" limelala swali la deni: je, ninadaiwa tendo hili? Dada yake, "will", alianza maisha yake kama kitenzi cha kutaka. Nasi tunao dada wa namna hiyo. Kiambishi chetu cha wakati ujao, "-ta-", kimetokana na "kutaka", na wanaobisha wajisikilize wanaposema "atakayekuja" na "watakaofika", ambamo "taka" imebaki nzima. Waingereza na Waswahili, bila kuagana, wote wawili waliuchukua utashi wakautengenezea wakati ujao. Na kama ilivyo kwao kwamba "Will I?" na "Shall I?" si swali moja, kwetu pia "Nitakwenda?" na "Niende?" si swali moja. La kwanza linauliza habari. La pili linaomba amri, au ruhusa, au shauri, kutoka kwa mtu mwenye uwezo wa kulitoa. Anayekaa katika "shall I, shall I" ni mtu anayejiomba ruhusa mwenyewe, wala mwenyewe hajibu.

Sasa nafika kwenye hoja yangu, nayo ninaisema kwa sauti kubwa kwa kuwa nimeisema kwa sauti ndogo miaka mingi pasipo kusikiwa. Tafsiri ya "shilly-shally" ni "niende-nisiende". Ni "nifanye-nisifanye", "tuuze-tusiuze", "tuchimbe-tusichimbe". Ni lile umbo la kitenzi linaloishia kwa "-e", umbo la kuomba na kuamuru, likisemwa mara mbili, la kukubali na la kukataa, kisha likaungwa kuwa jina la hali. Mama anamwambia mwanawe aliyesimama mlangoni tangu asubuhi, "Wewe na hiyo niende-nisiende yako utakuta gari limeondoka." Hakuna aliyemfundisha. Hakuna kamusi aliyoifungua. Anayo.

Najua mtakaloniambia, kwa maana nimeambiwa: kwamba hilo si neno bali ni sentensi mbili zilizofungwa kamba. Nawajibu kwa neno ambalo ninyi wenyewe hulitafsiri kila siku bila kulalamika. Kiingereza kina "willy-nilly", ambalo ni ndugu wa "shilly-shally" kwa umbo na halipishani nalo sana kwa umri. Asili yake ni "will I, nill I", au "will he, nill he", ambamo "nill" ni kitenzi cha kale cha kutotaka, yaani "will" iliyotanguliwa na kikanushi na kumezana nacho. Mnalitafsirije? Mnaandika "apende asipende". Mnaandika "utake usitake". Mnachukua umbo lile lile la "-e", la kukubali na la kukataa, mnaliunga, mnaliweka katika gazeti, katika hukumu ya mahakama, katika hotuba, na hakuna mhariri hata mmoja anayewaambia kwamba hizo ni sentensi mbili. Basi kwa haki gani "utake usitake" iwe Kiswahili safi na "niende-nisiende" iwe maneno ya uani? Nimelipeleka swali hilo kwa wenzangu wengi, na jibu ninalopewa ni kwamba moja limezoeleka na jingine halijazoeleka. Litazoelekaje ikiwa kila mwenye kalamu analipita?

Wala si mara ya kwanza Kiswahili kufanya hivyo. Methali yasema "Ngoja ngoja huumiza matumbo". Hiyo "ngoja ngoja" ni nini, kama si tamko la mdomoni lililorudiwa hadi likageuka kuwa jina la tabia, likapata kitenzi, likawa na uwezo wa kumuumiza mtu? Na ile "ningelijua" ambayo huja nyuma, si kitenzi kizima chenye nafsi yake na masharti yake, kilichopewa miguu kikawa kinatembea kama mtu? Wahenga wetu hawakuogopa kulifanya tamko kuwa jina. Sisi tuliosoma ndio tunaoogopa.

Kuna aliyenipinga kwa hoja bora kuliko hizo, na hoja yake inastahili muda. Alisema kwamba Kiingereza hakina ukanushi ndani ya neno hili. "Shill I, shall I" ni swali moja lililosemwa mara mbili, "niende, niende?", na ile irabu iliyobadilika ni mchezo wa sauti tu, kama katika "zigzag", "chit-chat" na "dilly-dally", ambamo irabu ya "i" hutangulia na ile pana hufuata. Kwa nini basi mimi niongeze "nisiende"? Jibu langu ni kwamba uaminifu wa mfasiri hauko katika kuhesabu silabi. Jaribuni kusema "niende-niende" kwa Kiswahili. Umepata mtu mwenye pupa, mtoto anayemsumbua baba yake ili aruhusiwe kwenda kwenye mpira. Kurudia tamko bila kulikanusha, kwetu, huzidisha hamu na hakuleti mashaka. Kiingereza kilitosheka kuyumbisha irabu ili kuonyesha kwamba nafsi inayumba. Kiswahili hakina mchezo huo wa irabu, kwa hiyo kazi ile ile tunaifanya kwa "-si-". Kila lugha inabembea kwa kamba yake.

Mwingine aliniambia, na huyu nilimkatiza kwa ukali ambao nauona ulistahili, kwamba asili ya neno si maana yake. Hilo ni kweli, nami nimelifundisha kabla hajazaliwa. Kiingereza "nice" limetokana na neno la Kilatini la mtu asiyejua kitu, na leo mwenye kumwita mgeni wake hivyo hamtukani. Mwingereza wa leo anaposema "shilly-shally" pengine hasikii hata kidogo swali la "shall I?" ndani yake. Lakini sikusema kwamba tulitafsiri neno kwa asili yake. Nilisema kwamba asili ilinisaidia kuona kile ambacho matumizi ya leo bado yanakihifadhi: kwamba neno hili linamhusu mtu aliyesimama kati ya kutenda na kutotenda akiligeuzageuza shauri lile lile, na kwamba halidai kuwa na woga ndani yake. Mtu jasiri kabisa anaweza kuwa katika niende-nisiende. Mtafsiri anayeandika "kusitasita" anamwongezea woga ambao mwandishi hakumpa.

Kilichomo katika neno la Kiingereza na hakimo katika letu ni dharau. Hapa nataka tusidanganyane. "Shilly-shally" lina sauti ya kumdhihaki mtu, na aliyeambiwa hivyo amedharauliwa kidogo, ilhali nahodha aliposema "tuko kwenye tuchimbe-tusichimbe" alikuwa anaeleza hali ya heshima. Je, dharau hiyo tuifanyeje? Kiswahili kinayo njia, nayo haiko katika jina bali katika viambatani vyake. "Acheni hizo tuchimbe-tusichimbe zenu" inauma vya kutosha. Zile "hizo" na "zenu" zinabeba kejeli yote ya mhandisi aliyechoka. Mkalimani aliye mbele ya watu ana wajibu wa kuamua kama ataibeba kejeli hiyo au ataiacha mlangoni, na hilo ni suala la maadili ya kazi yetu ambalo nilikusudia kulizungumzia leo na ninaona saa haitaniruhusu.

Lakini kuna faida moja ambayo sitaiacha. Nilisema kwamba Kiingereza kilimpoteza mwulizaji pale "I" ilipoyeyuka. Kilipoteza pia tendo. Mwingereza anaweza kukwambia kwamba kamati fulani "is shilly-shallying" na usijue kamati hiyo inasita kufanya nini. Kiswahili hakikuruhusu uvivu huo. Ukitaka kusema niende-nisiende lazima uchague nafsi na lazima uchague kitenzi: ni nani, na afanye nini au asifanye nini? Mfasiri mwenye sentensi ya Kiingereza mezani pake analazimika kurudi katika aya iliyotangulia kutafuta jambo linalobishaniwa. Nimeona wanafunzi wakichukia kazi hiyo. Mimi naipenda kuliko kazi nyingine zote za tafsiri, kwa sababu ndipo ambapo mara nyingi tunagundua kwamba mwandishi mwenyewe hakujua kamati ilikuwa inasitia nini.

Niwaonye sasa juu ya fisi. Wengi wenu, mkikuta habari ya mtu asiyekata shauri, mnakimbilia methali "Njia mbili zilimshinda fisi". Na mkikuta habari ya yule punda anayeitwa punda wa Buridan, aliyewekwa kati ya matita mawili ya majani yaliyolingana akafa kwa njaa kwa kukosa sababu ya kuchagua moja, mnamgeuza kuwa fisi na kuona mmefanya kazi nzuri. Si hivyo. Punda huyo ametwikwa jina la Jean Buridan, mwanafalsafa wa Ufaransa wa karne ya 14, ingawa katika maandishi yake punda huyo hapatikani. Na wazo lenyewe ni la kale zaidi, maana Aristotle alikwisha kumtaja mtu mwenye njaa na kiu kwa kiasi kimoja, aliyeko kati ya chakula na kinywaji, ambaye hana budi kubaki pale alipo. Punda hakutenda lolote. Alisimama na swali lake. Huyo kweli yumo katika nile-nisile, hiki au kile. Fisi wetu hakuuliza swali lolote. Alinusa nyama njia ya kulia, akanusa nyama njia ya kushoto, akazitaka zote, akatia miguu huku na huku mpaka akapasuka msamba. Fisi alitenda kupita kiasi. Kosa lake ni uroho, na ndugu wa methali yake ni "Mshika mbili moja humponyoka". Ukimweka fisi mahali pa punda umemshitaki mtu kwa kosa jingine, na kama maneno hayo yanasomwa mahakamani au bungeni, hilo si jambo dogo.

Kuna na neno "indecision" lenyewe, ambalo hapa nitalipa dakika chache tu japo lilistahili mhadhara wake. Ndani yake mna Kilatini "decidere", na ndani ya hicho mna "caedere", kukata, kitenzi kile kile kinachoonekana pia katika majina ya Kiingereza ya mauaji yanayoishia kwa "-cide". Kuamua, kwa Warumi, kulikuwa ni kukata. Kijerumani kinasema "entscheiden", ambamo mna kutenga. Nasi tunasema kukata shauri, kukata neno. Shauri ni la Kiarabu, kukata ni kwetu, na hakuna Mrumi aliyekuja pwani kutufundisha. Aliyekata shauri ameziona njia mbili na ameiangusha moja chini. Kwa hiyo "indecision" si kusitasita pia. Ni kutokata shauri, na mnayo maneno hayo mawili tayari.

Niseme pia neno moja la wasiwasi, kwa kuwa nimeulizwa. Katika Kiarabu, "waswasa" ni kunong'ona, na wasomaji wa Sura ya An-Nas wanalijua neno hilo katika maana yake ya kwanza, mnong'ono unaotiwa vifuani mwa watu. Nalo ni sauti iliyorudiwa, "was" mara mbili, kama lile la Kiingereza. Lingefaa sana kwa kazi yetu, ila kwa Waswahili wa leo limeelemea upande wa hofu, na likitumika litamkasirisha nahodha kama nilivyomkasirisha mimi.

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi maneno yaliyobaki nayapitia mbio na wenye hamu wanifuate nje. "Hesitate" ni Kilatini cha kunata na kukwama, nacho kilitumika hata kwa ulimi. Magazeti yetu yameshapata tafsiri nzuri yanaposema fulani "amepata kigugumizi". "Vacillate" na "waver" ni maneno ya kupepesuka, nayo yana "kuyumba" na "kuyumbayumba", tunayoyatumia kwa msimamo na kwa chombo baharini. "Dither" lilikuwa ni kutetemeka, neno la kaskazini ya Uingereza, na maana yake ya kutokata shauri ni ya karne ya 20. Mimi huandika "kubabaika". "Dilly-dally" linahusu muda unaopotezwa, na hilo ni kuzubaa, au kujikokota, kutegemea ni nani anayesema. Hayo matano, na hilo moja la leo, ni maneno sita, na kusitasita kunabaki na kazi yake mwenyewe, ambayo ni kubwa ya kutosha.

Nimeletewa karatasi hapa, mtu anauliza kama kile kisima kilichimbwa. Kilichimbwa. Alasiri ile nilimweleza mhandisi kwa Kiingereza kwamba wazee hawakuwa wameogopa bali walikuwa wameuliza, na swali lao lilikuwa ni la deni. Akanitaka niandike kwa Kiswahili, chini yake akatia sahihi yake, kwamba maji yakitoka ya chumvi kijiji hakitadaiwa hata senti moja. Nahodha aliisoma karatasi ile mara mbili, akampa bibi wa upande wa pili naye akaisoma, kisha akaiokota bakora yake akasema, "Tuchimbe."